Anayepima Kiinitete Awajibike

Wanandoa wanaotafuta mtoto kwa njia ya IVF, yaani mimba kutungwa maabarani, jijini Nairobi sasa wanaulizwa swali ambalo wazazi wao hawakuwahi kuulizwa: je, mngependa viinitete vyenu vipimwe jeni kabla kimoja hakijawekwa tumboni? Swali hilo huulizwa katika chumba cha daktari, mlango umefungwa, na wanaolijibu ni watu waliochoka kungoja, ambao tayari wamelipa laki kadhaa. Hapo huamuliwa ni kiinitete kipi kitapewa nafasi ya kuwa mtoto na kipi hakitapewa. Uamuzi mzito namna hiyo haufai kuachiwa tangazo la biashara, wala busara ya daktari mmoja, wala unene wa mfuko wa mgonjwa.

Msimamo wetu tunautoa mapema. Kipimo cha jeni cha kiinitete ni elimu njema, na mzazi anayekihitaji kwa sababu ya ugonjwa mzito asinyimwe wala asiaibishwe. Lakini yeyote anayejipa uwezo wa kuchungulia ndani ya kiinitete anabeba wajibu wa namna tatu: kusema ukweli wote, kujiwekea mpaka, na kujibu mbele ya sheria. Akishindwa mmojawapo, hana ruhusa ya kuigusa kazi hii. Tunaandika haya tukiutazama mji kutoka Industrial Area na mitaa ya Eastlands iliyopakana nayo, kwa kuwa kutoka huko ndiko huonekana wazi nani atafaidi elimu hii na nani ataisikia redioni tu.

Kwanza ieleweke kinachofanyika. Mwanamke hudungwa homoni kwa siku kumi hivi ili mayai kadhaa yapevuke kwa pamoja. Mayai hutolewa kwa sindano inayoongozwa na ultrasound, hurutubishwa maabarani, na viinitete hulelewa humo kwa siku tano au sita. Kufikia hapo kiinitete kimoja huwa na seli mia moja na zaidi. Mtaalamu hunyofoa seli chache, tano hadi kumi hivi, kutoka tabaka la nje ambalo lingekuwa kondo la nyuma. Kiinitete hugandishwa katika naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sufuri, na seli zile hupelekwa kuchunguzwa.

Uchunguzi wenyewe ni wa aina mbili kuu. Wa kwanza hutafuta kasoro moja ya jeni ambayo tayari inajulikana katika ukoo, kama vile selimundu. Wa pili huhesabu kromosomu kuona kama zimetimia 46, bila ya kuwa na ugonjwa wowote unaojulikana kwa wazazi. Wagonjwa wengi huvichanganya vipimo hivi viwili, na wako wauzaji wa huduma wasio na haraka ya kuvitenganisha. Hata hivyo, cha kwanza hujibu swali ambalo familia inalo. Cha pili mara nyingi huuzwa kwa familia ambayo haikuwa na swali lolote isipokuwa hamu ya mtoto.

Elimu hii si ya jana. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kutokana na IVF, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Mwaka 1990, katika hospitali ya Hammersmith jijini London, Alan Handyside na wenzake walipima viinitete vya wanandoa waliokuwa hatarini kuzaa watoto wa kiume wenye magonjwa mazito ya kurithi. Mwaka 1999 madaktari wa New York walitangaza mimba ya kwanza iliyopatikana baada ya viinitete kupimwa selimundu. Kenya nayo ilipata watoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2006, chini ya Dkt. Joshua Noreh hapa Nairobi. Kwa hiyo hakuna kiongozi anayeweza kusimama leo na kudai kwamba jambo hili limemjia ghafla.

Selimundu ndiyo inayotuhusu zaidi, na historia yake inatudai. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Oxford, alizunguka nchi hii akichukua damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliikuta jeni ya selimundu kwa wingi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na kwa uchache mno katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha hoja iliyobadilisha fikra za madaktari duniani: kwamba mtu anayebeba jeni moja ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo maana jeni hiyo imedumu mahali penye malaria. Damu ya Wakenya ndiyo iliyoufundisha ulimwengu somo hilo.

Reli na viwanda vilipoita vibarua, watu wa ziwani, wa magharibi na wa pwani walikuja kuishi Makongeni, Kaloleni, Mbotela na Shauri Moyo. Wajukuu wao wako Jericho na Maringo, wengine Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Nairobi haina malaria ya kutisha, lakini jeni iliyoshamiri kwa sababu ya malaria husafiri na damu. Kijana ambaye babu yake alitoka Siaya humwoa binti ambaye nyanya yake alitoka Kilifi, nao hawajui kwamba wote wawili wanaibeba. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua, na nafasi mbili kati ya nne ya mtoto kuibeba jeni bila kuugua. Hujulishwa siku mtoto anapolia kwa maumivu ya mifupa na mikono yake kuvimba.

Kwa wazazi wa namna hiyo, waliomzika mtoto wa kwanza na kumkesha wa pili wodini, kipimo cha kiinitete ni rehema. Hawahitaji mahubiri yetu wala ya mtu mwingine. Anayewaita wabinafsi kwa kutaka mtoto asiyeteseka hajakaa usiku mmoja katika wodi ya watoto. Daktari anayewapima kwa uangalifu, akawaeleza kwamba hakuna kipimo kisichokosea na kwamba mimba itafuatiliwa kwa vipimo vingine, anafanya kazi ya heshima, nasi tunamuunga mkono bila kusitasita.

Kipimo cha pili, kile cha kuhesabu kromosomu, kinahitaji mkono mkali zaidi. Ni kweli kwamba umri wa mwanamke unapopita miaka 35 viinitete vyenye kasoro ya kromosomu huongezeka, na kwamba vingi kati ya hivyo havishiki au huishia mimba kuharibika. Kipimo kinaweza kumpunguzia mama huzuni ya mimba kutoka. Lakini kusema kwamba kinamwongezea nafasi ya kupata mtoto ni jambo jingine. Mwaka 2021 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa China kwa wanawake 1,212 wenye umri wa miaka 20 hadi 37. Katika kundi lililopimiwa viinitete, asilimia 77.2 walipata mtoto. Katika kundi ambalo viinitete vilichaguliwa kwa kutazamwa tu kwa hadubini, waliopata mtoto walikuwa asilimia 81.8. Kwa wanawake hao kipimo hakikuongeza mtoto hata mmoja. Kiliongeza gharama.

Kuna zaidi. Seli zinazonyofolewa haziwakilishi kiinitete kizima kila mara. Kiinitete kinaweza kuwa na seli zenye kasoro upande mmoja na seli timamu upande mwingine. Mwaka 2015 madaktari wa Roma walieleza jinsi walivyowapandikizia wanawake 18 viinitete vya aina hiyo, ambavyo kliniki nyingi zingevitupa, wakazaliwa watoto 6 wenye afya. Maana yake ni nzito: mwanamke mwenye viinitete viwili tu, akaambiwa vyote vina kasoro na vyote vikatupwa, huenda amepoteza mtoto wake kwa sababu ya karatasi ya maabara. Mamlaka ya Uingereza inayosimamia uzazi wa maabara, HFEA, huwaeleza wananchi waziwazi kwamba kwa wagonjwa wengi kipimo hiki hakijathibitishwa kuongeza nafasi ya kupata mtoto. Mkenya naye anastahili kuambiwa hivyo, kwa lugha anayoielewa, kabla hajalipa. Ahadi ni deni, na kliniki inayoahidi mtoto kwa njia ya kipimo inakopa ambacho haina uwezo wa kulipa.

Baada ya ukweli, mpaka. Seli zile zile zinazopimwa selimundu zinaweza kuonyesha pia jinsia. Mashine haitofautishi kati ya mzazi anayeogopa ugonjwa na ukoo unaotaka mtoto wa kiume. India iliona hatari hiyo na mwaka 1994 ikatunga sheria ya kukomesha uchaguzi wa jinsia, kisha mwaka 2003 ikaipanua hadi kwenye mbinu zinazotumika kabla ya mimba kutungwa. Ilifanya hivyo kwa sababu mabinti walikuwa wakipungua katika hesabu ya watu. Sisi tusijidai kuwa wema zaidi. Katika nchi hii bado yuko mwanamke anayerudishwa kwao kwa kuzaa wasichana watupu, na ziko familia ambazo zikipewa karatasi yenye jinsia zitaitumia. Kuchagua jinsia bila sababu ya ugonjwa kupigwe marufuku kabisa, na anayekiuka anyang'anywe leseni.

Marekani biashara imekwenda mbali zaidi. Ziko kampuni zinazowauzia wazazi alama za viinitete kwa kukadiria urefu, akili na uwezekano wa kuugua kisukari miaka hamsini ijayo. Sifa hizo hutokana na mamia na maelfu ya jeni, pamoja na chakula, shule, hewa na mapenzi ya nyumbani. Isitoshe, makadirio mengi yamejengwa juu ya damu ya watu wenye asili ya Ulaya, na hufifia yakipelekwa kwa Mwafrika. Kumuuzia Mkenya alama hizo ni kumtoza pesa kwa ubashiri ambao haukutengenezwa kwa ajili yake.

Kila mfanyakazi wa Enterprise Road au Likoni Road anaijua meza ya ukaguzi kiwandani. Kopo lililobonyea huwekwa kando, chupa yenye ufa hurudishwa kuyeyushwa, na hakuna anayelaumiwa kwa hilo, kwa sababu kopo na chupa hazina hadhi nyingine isipokuwa ile aliyoipanga mnunuzi. Mtoto hayumo katika meza hiyo. Jamii ikishazoea kuwaita baadhi ya watoto rijekti kabla hawajazaliwa, haitachelewa kuwatazama kwa jicho hilo watu wazima wanaofanana nao. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu. Haki hiyo haina maana ikiwa mshauri wa kliniki anazungumzia mtoto mwenye ugonjwa wa Down, au mwenye ualbino, kana kwamba ni hasara iliyoepukwa. Mpaka tunaoutaka ni huu: kipimo kiruhusiwe kwa ugonjwa mzito unaotesa au kuua, ugonjwa huo uwe kwenye orodha iliyoandikwa na kuchapishwa, na orodha hiyo isitungwe bila wawakilishi wa wagonjwa na wa watu wenye ulemavu kuwemo mezani.

Wajibu wa tatu ni kujibu mbele ya sheria, na hapa Industrial Area ina somo la majonzi. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yaliyovuja kutoka bomba la Kenya Pipeline yalilipuka katika mtaa wa Sinai, eneo la Lunga Lunga, na zaidi ya watu 100 wakafa. Miili mingi haikutambulika kwa sura. Jamaa walitoa sampuli za DNA ili kila familia ipewe mtu wake imzike. Baadhi ya wakazi wa Mukuru na Viwandani walikutana na kipimo cha jeni kwa mara ya kwanza wakiwa katika matanga. Walijua tangu siku ile kwamba kichupa kidogo chenye namba kinasimama mahali pa mtu, na kwamba namba ikikosewa, familia itamzika mtoto wa wengine.

Katika maabara ya uzazi namba ikikosewa, familia itamlea mtoto wa wengine, au itakitupa kiinitete kizima na kukipandikiza kigonjwa. Pale maabara ya hapa inapokosa mashine, seli husafirishwa hadi nchi nyingine na majibu hurudi kwa barua pepe. Njia hiyo yote, kutoka kwenye sahani ya maabara hadi uwanja wa ndege hadi kompyuta ya mgeni, inapaswa kuwa na sahihi ya mtu kila hatua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za jeni kuwa taarifa nyeti. Kamishna wa Ulinzi wa Data asingoje malalamiko. Aingie kliniki hizi aulize: sampuli zinakwenda wapi, zinatunzwa kwa muda gani, nani anazisoma, na je, mgonjwa alielezwa au alitia sahihi fomu ya Kiingereza yenye kurasa nyingi akiwa amelala kwenye kitanda cha kutolewa mayai?

Tuseme wazi ni nani amechelewa. Mswada wa kwanza kuhusu IVF uliletwa Bungeni mwaka 2014 na Mheshimiwa Millie Odhiambo. Ulirudi mwaka 2016, ukarudi tena 2019, na tena 2022. Mwaka ule ule wa 2014, Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya mapacha waliozaliwa na mama mbadala na ikaeleza haja ya kuwa na sheria. Ni mwezi Novemba 2025 ndipo Bunge la Taifa lilipoupitisha mswada wa 2022, ukiwa na marufuku dhidi ya biashara ya kukodisha tumbo la uzazi. Tunampongeza mbunge huyo kwa kutokata tamaa, lakini hatuwapongezi waliomfanya asubiri zaidi ya miaka kumi. Katika miaka hiyo watoto wamezaliwa, viinitete vimegandishwa, wanandoa wametengana wakiwa na viinitete vilivyohifadhiwa, na kila kliniki imejitungia utaratibu wake.

Kura ya wabunge haimalizi kazi. Sheria isiyo na kanuni ni ubao usio na maandishi. Kifungu cha 26 cha Katiba kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, lakini hakisemi lolote kuhusu kiinitete kilicho maabarani. Je, kiinitete kilichopimwa kikakutwa na ugonjwa kifanyweje? Kinaweza kuhifadhiwa kwa miaka mingapi? Nani ana sauti ya mwisho, mume akikataa na mke akikubali? Maswali haya yajibiwe na wawakilishi wa wananchi kwa maandishi, hadharani. Uingereza iliunda kamati chini ya Mary Warnock, ikapokea ripoti yake mwaka 1984, na mwaka 1990 ikatunga sheria iliyounda chombo cha kusimamia. Haikuhitaji kukubaliana juu ya kila jambo la imani ili kukubaliana juu ya usimamizi.

Imani nazo zina nafasi yake. Kanisa Katoliki, katika hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987, liliikataa njia ya kutunga mimba maabarani. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wameiruhusu ikiwa mbegu na yai ni za mume na mke walio ndani ya ndoa. Eastlands inawakusanya wote, kutoka misikiti ya Pumwani hadi makanisa ya Makadara. Sheria haikusudiwi kumlazimisha yeyote kwenda kinyume na dhamiri yake, awe mgonjwa au daktari. Inakusudiwa kuhakikisha kwamba anayeingia mlango huo haingii gizani.

Sasa tuje kwenye haki ya mnyonge, ambayo kwetu ndiyo kipimo cha sera yoyote. Mzunguko mmoja wa IVF nchini hutajwa kugharimu laki nne hadi sita, kabla ya kuongeza kipimo cha jeni. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi kilichowekwa Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113 kwa mwezi. Kwa laki tano, kibarua anayeingia geti la kiwanda saa moja asubuhi atatoa mshahara wake wote wa miezi 31 bila kula, bila kodi ya nyumba, bila nauli. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba katika maisha yake. Ugumba hauulizi mtu anaishi Kilimani au Mukuru kwa Njenga.

Hatudai kwamba kesho Serikali imlipie kila mtu IVF na kipimo cha kiinitete, huku dawa za kawaida zikikosekana zahanatini. Tunadai kilicho ndani ya uwezo wake, na ambacho kutokifanya hakuna udhuru. Mirija mingi ya uzazi huzibwa na maambukizi ya zinaa yasiyotibiwa na yale yatokanayo na uzazi usio salama. Hayo hutibiwa kwa dawa za bei ndogo yakigunduliwa mapema. KEMSA, mamlaka ya Serikali ya ugavi wa dawa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na makao yake Commercial Street hapa hapa Industrial Area, ihakikishe dawa hizo zinafika zahanati zilizo mwendo mfupi tu kutoka hapo. Kaunti ya Nairobi nayo ihakikishe kuna mtu wa kuzitoa, faragha ya kuzitolea, na mume anayetibiwa pamoja na mkewe.

Vivyo hivyo selimundu. Kabla hatujafikia kupima kiinitete cha mwenye laki sita, tupime damu ya kijana na binti wanaotaka kuoana, na ya mama mjamzito anayehudhuria kliniki, na ya mtoto mchanga kabla hajaondoka hospitali ya Pumwani au ya Mama Lucy. Vipimo vya haraka vya tone moja la damu vipo. Mtoto anayejulikana mapema hupewa kinga dhidi ya maambukizi na dawa ya hydroxyurea, na nafasi yake ya kuishi huongezeka. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, iweke kipimo hicho na ushauri wake katika huduma za msingi zisizolipiwa. Nchi ambayo damu yake iliufundisha ulimwengu siri ya selimundu isione fahari kuipima kwenye maabara za kifahari huku ikiificha kwa walio wengi.

Waajiri wasidhani hawamo. Risasi inayotumika katika betri na baadhi ya viyeyushi vya viwandani hudhuru mbegu za kiume na mimba, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kiwanda amkinge mfanyakazi. Anayemnyima kibarua glavu na barakoa kisha akamcheka kwa kukosa mtoto ametenda dhambi mara mbili. Na tunawaonya waajiri na kampuni za bima mapema: asitokee wa kumdai mfanyakazi karatasi ya jeni zake au za mtoto wake kabla ya kumpa kazi au kumlipia hospitali. Kanuni zitakazotungwa ziifunge njia hiyo kabla haijafunguliwa.

Wazazi nao wana wajibu. Uliza kabla hujatia sahihi. Uliza kipimo unachouziwa ni cha ugonjwa gani, kinakosea mara ngapi, kitakuongezea nini, na kliniki imewahi kukifanya kwa watu wangapi. Omba ukae na mshauri wa jeni asiyelipwa kwa idadi ya vipimo anavyouza. Na ukipata mtoto, kwa njia yoyote ile, usimdai awe yule aliyeandikwa kwenye karatasi ya maabara.

Basi tunataja kila mmoja na kazi yake. Bunge na Wizara ya Afya watoe sheria pamoja na kanuni zake, si sheria tupu. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno lisajili kila kliniki inayopima viinitete, lichapishe majina yake, na litoe kwa umma kila mwaka idadi ya mizunguko, vipimo na watoto waliozaliwa. Bodi inayosimamia wataalamu wa maabara ihakikishe kwamba anayenyofoa seli amefunzwa na kupimwa ujuzi wake. Kamishna wa Data akague. Kaunti na SHA wafikishe kipimo cha selimundu na tiba ya maambukizi katika zahanati za Mukuru, Viwandani na Makadara. Na kila kliniki, bila kungoja kusukumwa, iweke ukutani kwa Kiswahili kinachosomeka: kipimo hiki kinafaa nini, hakifai nini, na kinagharimu kiasi gani.

Wanaotafuta mtoto wamevumilia masimango ya wakwe, maneno ya majirani na bili za hospitali. Wasiongezewe udanganyifu. Mwenye leseni ya kupima uhai katika hatua yake changa amepewa amana na wananchi wote, wakiwemo wale ambao hawatawahi kuwa na pesa za kuingia mlangoni mwake. Asiyeweza kuwapa hesabu ya amana hiyo afunge maabara yake, na Serikali isiyoweza kumdai hesabu ijue kwamba itadaiwa yenyewe.